Ringi Nyekundu za Mwalimu wa Mbegani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu kabla ya salamu. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Bosi, alinionyesha ringi ya pikipiki iliyoganda matope na grisi, akasema, "Shomari, hiyo ukiimaliza, isikumbuke kama iliwahi kutembea." Nikadhani anatania.

Karakana ilikuwa hapa hapa Bagamoyo, karibu na nyumbani kwangu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuomba kazi pale. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Mapinga tu, naanza kuulizia magari ya kurudi.

Nyinyi mnaoona ringi inang'aa barabarani, sikilizeni. Rangi ya unga haipakwi kwa brashi. Ni unga mkavu unaopulizwa kwa bunduki yenye umeme, ukaing'ang'ania ringi, kisha ringi inaingia tanurini ili unga uyeyuke na kushika. Anayeshika bunduki huitwa fundi. Anayeiandaa ringi huitwa "wewe".

Basi mimi nilikuwa "wewe". Natoa tairi, nang'oa beringi, nababua rangi ya zamani kwa dawa, halafu naipiga mchanga kwa upepo wa kompresa mpaka ringi ipauke kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta. Mahali pa beringi naziba kwa kizibo cha mpira, maana unga ukiingia humo beringi hairudi tena. Ringi za kumiminwa, zile zisizo na spoki, nazichoma kwanza zikiwa tupu, zitoe mafuta yaliyojificha kwenye vitundu vyake. Usipofanya hivyo, rangi inatoka malengelenge. Baada ya hapo ni marufuku kuishika kwa mkono mtupu. Mkono wa mtu wa pwani haukosi mafuta ya nazi.

Nikishamaliza, ndipo anapokuja Sefu, fundi wa bunduki. Ameoga, ananukia. Anapuliza kidogo tu, ringi ikitoka tanurini vijana wa bodaboda wanapiga kelele: "Fundi Sefu, mikono yako ina baraka!" Mimi niko nyuma, vumbi tupu, kama niliyeangukia gunia la sembe. Hakuna aliyeuliza ringi ilibabuliwa na nani.

Wivu nilikuwa nao, tena wa kushiba. Nilimwonea wivu kofia yake. Nilimwonea wivu hata kikohozi chake, maana yeye akikohoa huambiwa pole. Jioni nikifika nyumbani nilimhubiria mke wangu: "Mama Zuhura, rangi ni nguo tu. Uhai wa ringi uko kwenye maandalizi. Ringi ikidumu, ashukuriwe aliyeiandaa."

"Sasa mbona unaililia bunduki?"

Nikaomba chai.

Siku moja Bosi akatangaza kwamba anafungua karakana ya pili Chalinze, kwa hiyo anataka mpulizaji mwingine. Nikajipangia mwenyewe: Sefu ataenda Chalinze, bunduki ya hapa itabaki kwangu. Bosi akaniita. "Leo mnabadilishana. Sefu aandae, wewe upulize. Nikiridhika, wewe ni fundi." Ringi zenyewe zilikuwa za mwalimu mmoja wa Mbegani, aliyetaka nyekundu.

Sefu akainua glavu zangu kwa vidole viwili, kama ameshika panya. "Kaka Shomari, hizi unazifua mwezi gani?"

"Vaa, bwana harusi."

Nikakaa kusubiri aharibu. Hakuharibu. Mchanga aliupiga hadi kwenye kona ambazo mimi na ringi huwa tunasameheana. Akaziba, akachoma tupu, akakwangua ndoano ya kutundikia ibaki chuma kitupu ili umeme upite vizuri. Roho iliniuma. Kumbe hata kunyanyasika kwangu alikuwa anakuweza!

Nikashika bunduki. Nilipuliza vizuri, wallahi. Unga ulilala kama shuka lililonyooshwa.

Mwalimu alipokuja nilikuwa mstari wa mbele, nimeoga. Akapitisha kidole kwenye ringi, akaigeuza, akachungulia mahali pa beringi. Kisha akauliza swali nililolisubiri tangu nianze kazi: "Hizi kaziandaa nani?"

Sefu akainua mkono wake wenye vumbi.

"Hongera, ndugu yangu. Hapa pana kazi."

Bosi akanipiga bega. "Umefaulu, fundi. Jumatatu unaripoti Chalinze."

"Chalinze? Si anakwenda Sefu?"

"Nimtoe Sefu hapa, wateja nimwachie nani?"

"Bosi, mimi nikilala ugenini usingizi haunijui."

"Shomari, bunduki yako iko Chalinze. Hapa kuna glavu."

Nikazitazama. Zilikuwa bado na joto la mikono ya Sefu. Nikazivaa, na sikuzivua mpaka kifua kilipoanza kulalamikia vumbi nikastaafu. Sefu anapuliza mpaka leo. Simwombei mabaya, namwombea mvi tu, naye hazimtoki.

Siku hizi nakaa barazani nikikagua ringi za pikipiki zinazopita. Nyingi zimemenyeka, chumvi ya bahari haina adabu. Lakini mwalimu wa Mbegani bado anapita asubuhi na zile nyekundu, na hazijamenyeka hata kidogo.

Juzi Mama Zuhura, akipeta mchele, akaniuliza, "Zile si ndizo ulizozipuliza wewe?"

"Ndizo," nikasema, shingo imerefuka. "Unaona zilivyodumu?"

"Naona." Akapeta tena, akapuliza pumba. "Na ringi ikidumu, ulisema ashukuriwe nani?"

Nikaomba chai.