Timu Ilihamia Mbeya, Kahawa Ikaoza Ihanda

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, ninyi wasomaji wa gazeti, msije mkadhani naandika kusingizia watu. Watu nitawataja, tena kwa majina. Lakini mkono uliotenda ni huu huu unaoshika kalamu. Shule niliishia darasa la pili la misheni, basi mnivumilie.

Mimi nimekulia Tunduma, mpakani. Tulikuwa na timu yetu, Tai. Jamani, Tai! Wachezaji wa huku na wa ng'ambo, fulana za kaniki, na mpiga ngoma wao mimi. Nikiipiga, hata askari wa kizuizini anaacha kukagua mizigo ya watu.

Aliyetuharibia ni Simwinga mwenye duka. Alipohamisha duka lake kwenda Mbeya, alihamisha na timu! Aliwapakia wachezaji kwenye lori juu ya magunia ya chumvi, sisi tukabaki kutazama vumbi. Kepteni wao Sichone, niliyechunga naye ng'ombe tukiwa wadogo, akanipungia mkono: "Usilie, bwana! Kiangazi tunarudi." Mwongo mkubwa! Viangazi vimepita hata sivihesabu.

Vijana wa Tunduma wakaunda timu nyingine, wakaniita nipige ngoma. Nikakataa. Mimi ni wa Tai, nikasema. Wakanicheka: "Umeachwa, bado unampikia mume!"

Sikujali. Nilikuwa nimekwisha kuhamia Ihanda kwa wakwe zangu kulima kahawa, na barabara ya Mbeya inapita pale. Kila nikisikia lori linapanda kilima, miguu inaniwasha. Mara ngapi nimetupa jembe nikalikimbilia lori!

Sasa sikilizeni.

Mwaka ule kahawa yetu ilizaa kwa mara ya kwanza. Mke wangu ndiye aliyeilea miche ile kama watoto. Tukachuma, tukakoboa, tukaitia kwenye pipa ilale, utelezi uachie. Mlima kahawa anajua: kesho yake au keshokutwa lazima uioshe. Ukichelewa imeoza, na uvundo wake hautoki tena. Siku hiyo hiyo ikaja habari kwamba dada yake mke wangu amejifungua huko Nakonde, ng'ambo.

"Baba Tabitha, niende kweli?" akaniuliza.

"Nenda, mama. Kahawa niachie mimi."

"Na lori likipita?"

"Aa! Mimi mtoto?"

Asubuhi lori likapita. Dereva akapiga honi, akatoa kichwa: "Sichone anasema Jumapili ni fainali! Bila ngoma yako hawaingii uwanjani!"

Nikalisogelea pipa, nikanusa. Nikajiambia itangoja. Nikachukua ngoma.

Mbeya nikakuta fulana mpya, na jina la Tai halipo. Timu sasa inaitwa kwa jina la duka la Simwinga. Nikapiga ngoma hivyo hivyo mpaka viganja vikachubuka. Tukashinda. Mnaona? Mpaka leo naandika "tukashinda"!

Nikamkimbilia Sichone. Alikuwa na makarani wawili wa duka. Wakamuuliza, "Nani huyu?" Akasema, "Huyo? Mtu wa kijijini, huwa anakuja tu."

"Si umenitumia ujumbe?" nikamwambia.

"Ujumbe gani?"

Kumbe dereva alitaka kicheko tu! Tena lori la kurudi likakawia. Nilipofika Ihanda, uvundo ulinipokea kabla sijaona nyumba.

Nikaiosha. Nikaiosha tena. Nikaianika nyuma ya nyumba kabla mke wangu hajarudi, asijue. Mpaka hapo ningesema ni ujinga. Linalofuata ndilo dhambi.

Sisi wakulima wa pale tulikuwa tunaweka kahawa pamoja katika ghala moja na kuiuza kama mali moja. Mtunza ghala alikuwa shemeji yangu Simbeye, ndugu wa mke wangu. Mtu mwangalifu! Kila gunia alilitia mkono na kulinusa. Zamu yangu ilipofika akarudi nyuma, maana kwetu ni aibu kumpekua mume wa dada yako mbele za watu.

"Ya kwako, shemeji, ninuse nini? Mwaga tu."

Nikamwaga! Juu ya kahawa ya watu wote, nikamwaga!

Mnunuzi alipokuja, alitia mkono, akanusa, akafunga mfuko wake na kuondoka. Kahawa yote ikakataliwa! Mkutano ukaitwa. Mwasenga, mkubwa wa chama chetu, akapiga kelele: "Mtunza ghala ameilowesha! Tutakula nini?" Wanawake wakalia. Shemeji akanitazama mara moja. Alijua. Angeweza kunitaja, akanistahi hata pale. Na mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

Wiki ile ile akavuka mpaka kwenda migodi ya shaba. Hajarudi. Hatujasikia neno lake.

Tangu hapo sikai. Jumapili baada ya ibada nashika njia ya Tunduma, nasimama kizuizini, natazama kila lori litokalo migodini, mtu mmoja mmoja. Hata nikikaribishwa kiti, nainuka. Watu husema, "Mzee bado anaingoja Tai yake." Nawaacha waseme.

Simwinga alituibia timu. Sichone alinikana. Dereva yule, Silwimba, alinichezea. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyenituma kufungua mdomo wa gunia lile.

Mke wangu hajui kusoma. Gazeti hili likifika nitamsomea mwenyewe, mpaka mstari huu.

Na ninyi mnaokimbilia malori kufuata timu iliyowahama, nawasihi! Wao wana wa kuwashangilia huko waliko. Geukeni mtazame nyumbani, aliyewaamini bila kuwanusa bado yupo?