Fagio Nyuma ya Kiti

Siku yangu ya kwanza kufundisha, kwenye yadi ya malori pale Ilomba, nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi na kiburi cha fundi aliyezeeka kwenye dizeli. Kampuni ilikuwa imeleta malori yanayotumia ethanoli, spiriti itokanayo na miwa. Mkuu wa Usafirishaji aliniambia, “Mzee, mimi napanga safari. Madereva kurudi salama ni kazi yako.”

Nikawafundisha madereva nilichokijua: usinyonye mafuta kwa mpira, zima injini kabla ya kujaza. Tangi likivuja, nikasema, ukiona moshi kaa mbali. Usipouona, sogea ufunge koki. Kwa dizeli nilikuwa sijakosea sana. Gwakisa, mcheshi wao, akaondoka kwenda Ilula kupakia nyanya.

Mchana Afisa Usalama, Bi Tuli, alimimina ethanoli kwenye kopo juani, akaiwasha. Sikuona kitu. Nikadhani imezimika, nikanyoosha mkono nilichukue kopo. Vidole vikaungua, na moshi hakuna.

Maumivu niliyasahau palepale. Nilimfikiria Gwakisa akilisogelea tangi kwa kunitii mimi. Nikapiga simu yake, haipatikani. Nikarudia tena na tena. Alipokea jioni, yuko sokoni Ilula.

“Gwakisa, nimekufundisha vibaya,” nikamwambia. “Moto wa mafuta haya juani hauonekani.”

“Sasa nitajuaje, mzee wangu?”

“Sijui,” nikakiri. Kisha nikamwambia anunue fagio la nyasi hapohapo, na lori likivuja alitangulize mbele yake. Fagio likishika moto, arudi nyuma.

Tangu hapo nikataka kila lori libebe fagio nyuma ya kiti. Madereva walinicheka, eti mzee anafagia hewa. Nilipohamishiwa Iringa, Meneja wa Tawi alitaka mafagio yaondolewe kwa sababu yanatia aibu mbele ya wageni. Nilikataa, tukanuniana hadi masika yakaisha. Kila simu iliyolia mchana ilinishtua, na hilo sikumwambia mtu.

Ninyi mnaofundisha leo, semeni “sijui” mapema. Mimi nilichelewa nusu siku, na nusu siku ile nimeishi nayo hadi kustaafu.

Siku ya kuniaga, Gwakisa alikuja na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na fagio la nyasi, limeungua hadi karibu na mpini.

“La juzi, Mafinga, mchana kweupe,” alisema. Hakucheka. “Mzee, kwa macho yangu palikuwa salama kabisa.”