Jaribio Nililokataa Kulifuta

Kompyuta iliandika kwamba bosi wangu ana mimba ya miezi saba.

Ofisi nzima ilikuwa imesimama nyuma yangu. Hakuna aliyecheka. Bosi mwenyewe alikuwa karibu kabisa na skrini, kikombe cha chai mkononi, mdomo wazi.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo ili tuelewane.

Mimi ni mwandishi wa programu. Kampuni yetu ilikuwa inatengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa hospitalini: jina, wodi, kundi la damu.

Kila tukibadilisha kitu, mashine inaijenga programu upya yenyewe, halafu inaijaribu ndani ya vyumba vyake vidogo tunavyoviita kontena. Majaribio yakipita, tunaona kijani. Yakifeli, nyekundu.

Sasa kulikuwa na jaribio moja la kusajili wagonjwa, kichwa kigumu. Leo kijani, kesho nyekundu, na hakuna mtu aliyegusa kitu.

Bosi tulimwita Mzee wa Kijani, maana rangi nyingine hakutaka hata kuisikia.

"Hilo jaribio lina wenge," akaniambia. "Bonyeza rudia mpaka likubali."

"Na lisipokubali?"

"Lifute. Jumatatu tunakabidhi mfumo."

Nikamwambia silifuti. Akaniangalia kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Wewe unajifanya nani hapa?"

"Mtu atakayeulizwa mambo yakiharibika."

Kuanzia hapo nikawa mbaya. Wenzangu wakienda kula wananiacha mezani. Fundi wa seva, ambaye ndiye rafiki yangu pale, akaninong'oneza, "Punguza ubishi. Utakuja kula jeuri yako."

Sikupunguza.

Kwenye kompyuta yangu jaribio lilipita kila mara. Kwenye kontena lilifeli mara mojamoja. Nikabadilisha hiki, nikazima kile, nikasoma ripoti mpaka macho yakauma. Mwishowe nikaona kitu: lilifeli pale tu kontena mbili zilipofanya kazi kwa pamoja. Nikiendesha mojamoja, kijani tupu.

Hapo nikaelewa. Kompyuta yangu ilikuwa inasajili mgonjwa mmoja, inamaliza, ndipo inamsajili mwingine. Hospitali gani inafanya hivyo?

Nikamkalisha fundi wa seva kwenye mashine ya pili. Kwenye nakala ya mfumo ya kujaribia tu, yeye akaandika mama mjamzito wa kubuni. Mimi nikaandika jina la bosi. Tukabonyeza kwa pamoja.

Hamna kitu.

Tukarudia. Hamna. Watu wakaanza kusogea kuona kichekesho. Bosi naye akaja na chai yake.

Tulipobonyeza tena, ndiyo hiyo niliyokuambia. Bosi yuko wodi ya wazazi, ana mimba ya miezi saba, na kundi la damu si lake.

"Watu wawili wakisajiliwa kwa wakati mmoja, mfumo unawachanganya," nikasema. "Jaribio lilikuwa linatuambia hivyo siku zote."

Bosi akaweka kikombe chini taratibu. "Hii isitoke humu ndani."

"Basi Jumatatu tusikabidhi."

Akaangalia mlangoni badala ya kuniangalia mimi. Hilo halikunikaa sawa.

Dada yangu ni muuguzi katika hospitali tuliyokuwa tunaitengenezea mfumo. Nikampigia palepale, nikamuuliza kama wameshajiandaa kupokea mfumo.

"Kujiandaa na nini, mdogo wangu? Mbona tunautumia tangu wiki iliyopita? Bosi wenu aliuleta mwenyewe, akasema ni wa kuonjesha."

Nikasimama.

"Dada, nisikilize vizuri. Msimwongezee mtu damu kwa kuangalia skrini. Pimeni wote upya."

Bosi akanisogelea. "Ukiendelea na hiyo simu, huna kazi."

Sikukata. Niliiweka simu kwenye spika.

"Rudia, bosi, dada asikie."

Akachukua kikombe chake, akaondoka.

Walipima upya. Kulikuwa na dereva aliyepata ajali, amelazwa anasubiri upasuaji, na damu yake ilikuwa imeshaagizwa. Haikuwa ya kundi lake. Alikuwa amesajiliwa sekunde ileile na bibi mmoja wa wodi ya jirani.

Mimi nilifukuzwa kazi jioni hiyo.

Baadaye wenye kampuni wakaniita. Bosi ameshaondoka, wakasema, kiti chake ni changu nikikitaka. Nikubali tu kuiambia hospitali kwamba ilikuwa hitilafu ndogo.

"Ndogo kwa nani?" nikawauliza.

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Leo nafanya kazi upande wa hospitali. Mimi ndiye ninayeamua mfumo gani unaingia wodini, na fundi wa seva yuko nami. Ile kampuni yetu ya zamani imeshaleta maombi ya kutuuzia mfumo mara mbili. Niliyasoma kwa makini kama ya mtu mwingine yeyote, na nikayarudisha nikiwa nimeorodhesha makosa yake.

Ukiamriwa unyamazishe kitu kinachokuonya, uliza kwanza nani ataumia kikinyamaza. Halafu waache wakuite mbishi.