Kitanda cha Mbao za Kawangware

Kitanda kile sikukiamini tangu kilipoingia mlangoni. Mume wangu alikileta vipande vipande kutoka Kawangware, anakofanya kazi ya useremala. Alipomaliza kukiunganisha akasimama kando na tabasamu lake, akingoja sifa. Mimi nikamuuliza mbao amezitoa wapi.

"Kuna landlord anabomoa nyumba za zamani, akanipea. Mbao poa sana."

Mbao za nyumba za wapangaji! Nani asiyejua kunguni wanaoishi ndani yake?

Binti yetu alikuwa amelala tangu azaliwe katika kitanda kidogo chenye fito pembeni, kando ya chetu, katika chumba chetu kimoja hapa Sarang'ombe. Nilikuwa nikinyoosha mkono tu, namgusa. Sasa alikuwa akikaribia miaka mitatu, miguu inatokeza kati ya fito, na baba yake akasema imetosha, atalala upande wa pili wa pazia kama mtu mkubwa. Hata hiyo haraka yake niliishuku. Jirani wa mlango wa pili alipoona kitanda cha fito kimetolewa nje, alinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso.

"Sasa, mama. Mnahama ama kuna mgeni anakuja?"

"Hakuna mgeni," nikamwambia. Akacheka hivyo hivyo, na kufikia jioni wapangaji wote wa ploti walikuwa wananipisha bombani kama mja mzito.

Basi nikafanya wanavyofanya wanawake wote niliowahi kupanga nao. Nikamwagia maungio ya kitanda maji yanayochemka. Kisha nikatia mafuta taa kidogo kwenye makopo, nikausimamisha kila mguu ndani ya kopo lake, kunguni wasipate njia ya kupanda.

"Na kama wako ndani ya mbao tayari?" mume wangu akauliza. "Si sasa umewafungia na mtoto?"

Nikaongeza mafuta taa kwenye makopo.

Jioni mtoto akakataa kulala. Hakuwa anadeka, kudeka kwake nakujua. Alikaza mwili wote, akaning'ang'ania shingoni, akawa anarudia neno moja: "Nibebe." Kesho yake ikawa vile vile. Nami moyoni nilifurahi, kwa sababu niliona nimepata shahidi.

"Watoto huona vitu," nilimwambia baba yake. "Hizo nyumba zilibomolewa kwa nini? Kuna mtu alikufa humo?"

"Landlord anataka kujenga ghorofa! Hakuna mtu amekufa, wewe mwanamke."

Jioni iliyofuata mume wangu alichoka na sisi wawili. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akamuuliza taratibu, "Mami, kitanda kimekufanya nini?"

Mtoto akaonyesha makopo kwa kidole.

"Maji inakuja," akasema.

Tukatazamana. Wakati wa mvua kubwa ya mwaka uliotangulia, mto wa hapa mtaani ulipofurika na maji yakaanza kupenya chini ya mlango, tuliinua kitanda chetu juu ya makopo ya rangi. Maji yakazidi kupanda. Baba yake akamweka mabegani, tukatoka hivyo hivyo, yeye na nguo aliyokuwa nayo mwilini. Wakati ule alikuwa hajajua kuongea. Asubuhi alicheza kama kawaida, nasi tukaambiana kwamba, afadhali, mtoto wa umri huo hakumbuki kitu.

Niliyatoa makopo mwenyewe, nikapanguza sakafu hadi ikakauka. Niliona aibu, na nilimwonea mtoto huruma. Yeye akainama, akachungulia chini ya kitanda chake, kisha akavuka pazia akachungulia chini ya chetu. Aliporidhika akapanda, akajilaza.

"Maji ikikuja?"

"Nitakubeba."

"Na viatu yangu?"

Viatu vyake vyekundu vilichukuliwa na maji siku ile. Hakuwahi kuviulizia hata mara moja, na mimi sikuwahi kuvitaja.

"Na viatu," nikamwambia.

Akalala papo hapo. Kunguni nilikuwa nimeshawasahau. Nilibaki nimeketi sakafuni nikimwangalia yeye, kwa shaka ambayo haijanitoka mpaka leo: ni nini kingine anachokikumbuka, na hajatuambia?