Dawa ya Kuwatuliza Wazee

Jumanne nilikuwa kwenye duka la dawa mtaani Nkuhungu, nyuma ya mama mmoja aliyevaa sare ya nyumba ya kulelea wazee. Aliomba vidonge vya usingizi.

"Vya nani, mama?" muuzaji aliuliza.

"Vya wazee wangu. Wako kumi na wanne, na sisi zamu ya mchana tuko wawili tu. Wakishakula tunawapa, wanatulia mpaka jioni."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi. Muuzaji akauliza ni daktari gani aliyeviandika. Mama akatikisa kichwa.

"Ila leo nipe visivyo vikali, dada," akaongeza. "Bibi mmoja hajaamka tangu jana mchana."

Muuzaji aliweka kalamu chini, akavua koti lake jeupe. "Twende tukamwone sasa hivi," alisema, akafunga duka.

Nami nikaenda nao, tukapanda bajaji watatu. Bibi tulimkuta anapumua kwa shida, midomo imemkauka, uji wa asubuhi umepoa pembeni. Tukamkimbiza hospitali. Alilazwa siku tatu, akapona.

Yule mama alilia njia nzima. Sikumwona kuwa mkatili, na hilo ndilo linalonitisha, maana mkatili tungemfukuza, mambo yakaisha.

Mwezi uliopita jumuiya yetu ya kanisani ilipeleka sabuni kwenye nyumba hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyesimama kuzungumza kwa niaba ya wageni, nikawapongeza kwa jinsi wazee wao walivyotulia.