Gitaa Nililolikaza Kama Kitanda

Mimi ni fundi wa vitanda hapa Kasulu, na ujinga wangu una kiburi. Mpiga gitaa wa kwaya yetu, Mkongo wa kambi ya wakimbizi, aliniletea gitaa letu pekee, limepasuka kifuani, ule ubao wa mbele.

"Fundi, bandika kijiti chembamba tu, ubao upate kupumua, sauti itoke."

Kijiti! Mimi niliyewalea wadogo zangu kwa randa tangu wazazi wafariki, nifundishwe mbao? Nikabandua mgongo wa gitaa, nikakaza kifua chote kwa mbao nene za mninga kama chaga za kitanda.

Jumapili niliwaketisha wadogo zangu mbele kanisani, wasikie kazi ya kaka yao. Mkongo akapiga nyuzi. Ngo, ngo, ngo, kama mlango unaogongwa.

Kitindamimba wetu akaitika kwa sauti: "Karibuni!"