Besi ya Urbanus, Sauti ya Kamil

Urbanus alikuwa na roho ya korosho, na tuseme mapema asije akatuchosha kwa visingizio. Kwa mengine yote alikuwa mtu mwema. Alipakua mizigo huko ughaibuni, kwenye ghala la Malton karibu na uwanja wa ndege, miaka kumi na tisa bila kuchelewa zamu, akalea binti, akapiga gitaa la besi katika kwaya ya Kiswahili kila Jumapili. Ila ukimsifu mwenzake mbele yake, alikunja uso mpaka umwonee huruma.

Mwaka 2007 alianzisha bendi ya fanki na roki. Walikuwa watatu tu: yeye kwenye besi, Rogers, dereva wa basi, kwenye dramu, na Kamil Hussainali, kijana wa Kihindi wa Upanga, Dar es Salaam, mwimbaji na mpiga gitaa. Urbanus alimkuta katika duka la mazulia la baba yake, mtaa wa Agincourt, akiimba huku anakunja bidhaa. Sauti ile ilikuwa imenolewa tangu utotoni kwa kusoma marsiya, tungo za maombolezo ya mwezi wa Muharram. Urbanus akamfundisha fanki: kwamba pigo la kwanza ni la besi, yaliyobaki wagawane. Walifanya mazoezi dukani humo Jumapili jioni, mazulia yakimeza kelele, na bendi wakaiita Zulia.

Basi Zulia ikapendwa, lakini waliyemwona watu ni Kamil. Gazeti moja la mtaani lilitoa picha yake, na humo Urbanus alionekana kiwiko tu. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alinung'unika, kisha akaikata picha hiyo na kuihifadhi vilevile.

Kilichomuuma zaidi ni jina. Yeye alikulia Morogoro kwenye muziki wa dansi, ambako mwimbaji huwataja wapigaji katikati ya wimbo, amsifu huyu, amtanie yule, nao wakaishi na sifa hiyo mwezi mzima. Kamil hakuwahi kumtaja hata mara moja. Kijana alikulia imambara, nyumba ya maombolezo hayo ya Muharram, si ukumbi wa dansi, angejuaje? Urbanus hakujiuliza hilo. Alihesabu tu nyimbo zilizopita bila jina lake.

"Mwambie basi," alisema mkewe, Leokadia, jikoni kwao Crescent Town. "Sema, Kamil mdogo wangu, nitaje."

"Sifa ya kuombwa si sifa. Nawe usije ukamdokeza. Ukimwambia, tutakosana kweli."

"Haya, baba Abigael. Mimi simo."

Agosti 2009 walialikwa kwenye tamasha la mtaani, mchana kweupe. Mama mmoja wa redio alikuwa anatafuta bendi ya kuitolea albamu, na kwao alitaka rekodi ya wimbo mmoja tu, ule wa kufungia. Rogers akaweka kinasa sauti mbele ya jukwaa. Walipofika kwenye wimbo huo, watu wakaanza kuita, "Kamil! Kamil!" Urbanus akaona wivu. Aligeuka nyuma, akashika kitufe cha sauti cha amplifaya yake, akakizungusha mpaka mwisho. Besi ikafunika gitaa, ikafunika dramu, ikamfunika na mwimbaji mwenyewe. Midomo ya Kamil ilicheza bila kusikika, na Urbanus akatabasamu. Kwa dakika nne jukwaa lilikuwa lake.

Kamil alishuka akihema, macho yanang'aa. "Umesikia, kaka?"

Urbanus akadhani anaringia makofi. "Nimesikia, bana," alijibu, akaanza kukunja nyaya. Kijana alisimama kidogo kama anayengoja neno, kisha akaenda zake.

Jibu la mama wa redio lilikuja Novemba: bendi nzuri, mwimbaji hasikiki. Albamu ikaenda kwa wengine. Desemba ikaingia Muharram, Kamil akaweka gitaa chini kama kila mwaka, na safari hii hakulishika tena. Alihamia Calgary, mji wa mbali, kuuza vigae. Zulia ikafa ikiwa na miaka miwili na ushei, na Urbanus akatangaza kila alikokaribishwa chai kwamba kijana alivimba kichwa.

Mwaka 2016 Abigael, binti yao wa miaka kumi na sita, alikuwa akijifunza shuleni kusafisha sauti kwa kompyuta. Akaikuta rekodi ile ya tamasha kwenye droo.

"Baba, this bass is crazy," alisema, akicheka.

"Hiyo ndiyo besi, mwanangu," Urbanus alijibu, akajiweka sawa kwenye kochi.

Abigael akashusha sauti za chini, akapandisha za juu. Kutoka chini ya kelele ya miaka saba akatokea Kamil, anaita kwa nguvu zake zote: "Urbanus! Baba Abigael! Mwalimu wangu Urbanus, mimi zulia, wewe ndiye sakafu! Nishike mkono, kaka!"

Binti akairudia, kisha akairudia tena. Mara ya tatu Urbanus aliinuka akaenda jikoni, ambako Leokadia alikuwa anachambua mchele.

"Mama Abigael, ulimwambia Kamil anitaje?" Aliuliza kwa kubembeleza, akiomba aambiwe ndiyo. "Niambie tu. Sitakasirika."

Leokadia aliacha mchele, akaisikiliza sauti iliyokuwa ikitoka sebuleni.

"Sikumwambia neno," alisema. "Ulinikataza."